Sheria ya Saba Mlangoni pa Sakristia

Mlangoni pa sakristia yetu pana karatasi yenye sheria saba za wapiga picha na video. Nimeziandika mimi, Hortensia, msimamizi wa harusi hapa, ambaye parokia nzima inaniita Tencha, na padri akazigonga muhuri. Wageni wakiziona hudhani zimetoka kwa askofu. Zimetoka kwa mdogo wangu Beto.

Sheria ya kwanza inasema mpiga picha asipande altareni. Hiyo ni kwa sababu Beto alishawahi kupanda, akasimama bega kwa bega na padri na kuelekeza kamera ndani ya kikombe cha divai kana kwamba anatafuta kitu kilichozama. Ya pili inasema kamera ya video iwe moja tu. Siku hiyo Beto na mpiga video wa upande wa pili walisukumana katikati ya Injili mpaka mshumaa wa Pasaka ukaanguka. Ya tatu inahusu taa. Ya nne inahusu kusimama katikati ya njia, watu mia mbili waje kumwona bibi harusi waishie kuuona mgongo wa Beto. Ya tano na ya sita niziache, wahusika bado wako hai na tunasalimiana.

Ya saba ndiyo changa kuliko zote, ina miaka mitatu. Inasema hivi: anayepiga video afunge mdomo. Beto, pamoja na makosa yake yote, alikuwa walau anapiga video kimya. Ghafla, katika harusi ya binti wa binamu yetu Delfina, akaanza kunong'ona. Misa nzima, psss psss psss, kama mtu anayesali rozari sikioni mwa mwenzake. Jumatatu yake nilichukua kalamu.

Huku kwetu Laredo, mpakani mwa Texas na Meksiko, harusi haibebwi na mtu mmoja. Kila ndugu hupewa kitu akigharamie na kukisimamia, na anaitwa padrino wa kitu hicho. Kuna padrino wa keki, padrino wa pete, padrino wa ile kamba ya rozari wanayovishwa maharusi, hata puto zina padrino wake. Beto ni padrino wa video tangu ana miaka ishirini. Hakuna aliyemchagua, alinunua kamera tu, basi. Kamera yenyewe ni ya kaseti, ya kubeba begani, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na Beto hana kawaida ya kukumbuka kuizima. Katika kila kaseti yake pana nusu saa ya viatu, changarawe, na sauti yake akiuliza nyama inapakuliwa wapi.

Kaseti hizo zote huenda kwa Mama. Mama yetu, Doña Herminia, yuko Sabinas Hidalgo, upande wa Meksiko, saa mbili ng'ambo ya daraja la mpakani, katika nyumba aliyotuzalia. Tangu avunjike nyonga havuki tena, ile foleni ya darajani peke yake ingemmaliza. Beto, ambaye ni fundi wa matairi na anaweza kufunga duka lake akitaka, humwendea kila baada ya wiki mbili. Mimi huenda Krismasi na sikukuu ya akina mama mwezi wa Mei. Nina parokia ya kuendesha. Nikifika, Mama hunishika uso kwa mikono yake miwili, akaupapasa polepole kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, nami hulegea pale mlangoni nikijisemea kwamba Mama ananipenda sana siku hizi.

Basi binti yangu Citlali akachumbiwa na kijana anayeitwa Kolby, mtoto wa watu, mrefu, mwenye masikio mekundu. Wakwe wakasema wao watamleta mpiga video, msichana wa Austin anayesifiwa. Nikakubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Jumapili ile baada ya Misa ya asubuhi tulikuwa kwangu tunakula nyama ya kichwa na tortila, zile chapati za mahindi, nikamwambia Beto.

"Harusi ya Citlali utakaa kwenye benchi kama binadamu wengine."

"Nani atapiga video?"

"Wakwe wana mtu wao. Anaitwa Brynn."

"Padrino wa video ni mimi, Tencha."

"Safari hii wewe ni padrino wa kukaa kimya."

Mume wangu Abundio alicheka. Beto hakucheka. Akaiweka tortila chini. "Na Mama?"

"Mama atapata hiyo ya Brynn. Nzuri, ina muziki."

"Maneno yamo?"

"Maneno ya nini, Beto? Ni harusi. Kila mtu anajua kinachosemwa."

Kwa kawaida angebishana mpaka mafuta ya nyama yagande kwenye sahani. Siku hiyo alinitazama kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni, hawezi kulimeza wala kulitema.

"We Tencha," akasema mwishowe, "hicho kichwa chako wangekitumia kufungia mlango wa sakristia." Kisha akaomba apitishiwe pilipili, na mimi nikadhani nimeshinda.

Ijumaa, siku ya mazoezi, Brynn alikuja saa nzima kabla ya maharusi. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, havitoi mlio hata kwenye ile sakafu yetu ya vigae. Alizisoma sheria zote saba, akaniuliza kama mstari wa tatu una maana ya taa zozote au taa za betri tu. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Nilimbandikia utepe wa bluu sakafuni, karibu na benchi la kwanza, mahali pa kusimama, na moyo wangu ukatulia kabisa. Akanionyesha kwenye simu harusi moja aliyoipiga mwezi uliopita. Dakika tano. Gitaa, shela linapepea, watu wanacheka polepole. Midomo inacheza, sauti hakuna.

"Na Misa yenyewe?" nikamuuliza.

"Tunachagua vipande vizuri, mama," akanijibu kwa heshima. "Watu siku hizi hawana subira ya kuangalia Misa nzima."

Kuna kitu kilinigusa hapo, lakini maua yalikuwa yamefika na hayakuwa yale tuliyoagiza, nikakimbilia maua.

Jumamosi saa nane mchana kanisa likajaa. Citlali aliingia ameshikwa mkono na baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu niianze kazi hii nilikaa benchi la mbele badala ya kusimama nyuma nikilinda mlango. Brynn alisimama kwenye utepe wake kama sanamu. Beto alikuwa benchi la tatu, suti ya kijivu, kofia magotini. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Padri Leandro alikuwa katikati ya mahubiri, kwenye yale maneno ya kuvumiliana, nilipoisikia. Psss psss psss.

Niligeuka. Benchi la tatu palikuwa na kofia peke yake. Nikatazama kushoto, na nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, karibu na kisima cha ubatizo, nikaona bega la kijivu na kile kitaa chekundu ninachokifahamu vizuri. Sijui aliificha wapi kamera kubwa namna ile. Baadaye niliambiwa aliiweka tangu alfajiri ndani ya sanduku la nguo za maskini.

Mama wa bibi harusi hainuki wakati wa mahubiri. Hiyo haimo kwenye sheria saba kwa sababu sikufikiri kama ingehitaji kuandikwa. Nikainuka. Nikapita pembeni na gauni langu refu, nikamshika Beto mkono wa koti, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumpeleka, nikamsukumia ndani ya kile chumba cha maungamo, nami nikaingia na kuvuta pazia. Chumba kile ni cha mtu mmoja aliyepiga magoti. Tulibanana humo na kamera ikining'inia katikati yetu.

"Zima," nikanong'ona.

"Tencha, nisikilize kwanza."

"Zima hicho kitu, au nakutoa nje mbele ya wakwe. Siku ya mwanangu, Beto. Siku moja tu nimekuomba ufunge mdomo."

"Mama haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, Tencha. Macho. Hayapo tena. Mwaka wa tatu huu."

Nikamwambia aache mchezo. Akasema hachezi. Ilikuwa presha ya macho, likaenda moja, halafu la pili, kabla hata daktari wa kule hajamaliza kumwandikia dawa.

"Mimi namsimulia," akasema. "Kaseti ikicheza, ananiuliza, nani huyo anakohoa? Namwambia Mjomba Eusebio. Amekonda? Amekonda, Mama. Anageuzia uso dirishani, kule hakuna televisheni, ananiambia rudisha hapo, rudisha. Hiyo ya muziki mtupu nitampelekea aifanyie nini?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kanikataza. Kasema Tencha akijua atakuja na karatasi. Ataniuzia nyumba, atanihamishia Laredo, atanipangia na saa ya kwenda chooni."

Ndivyo ningefanya kweli. Nilikuwa hata nimeshafikiria chumba gani. Halafu nikaikumbuka ile mikono usoni mwangu pale mlangoni, ikitembea polepole, ikisimama kwenye mikunjo ya macho. Mwaka wa tatu. Sheria ya saba nayo ina miaka mitatu. Nilikuwa nimekaa mezani Jumatatu, nimechagua kalamu yenye wino mzuri, na kumnyima mama yangu mwenyewe harusi zote za familia yake.

Nje tukasikia mabenchi yakilia, watu wanasimama. Ahadi za ndoa zilikuwa zinaanza, na mama wa bibi harusi yuko kwenye chumba cha maungamo.

"Twende," nikamwambia Beto.

"Wapi?"

"Mbele."

Tulipita pembeni mbele ya macho ya watu wote. Brynn alituona tukija, akaitazama kamera ya Beto, akanitazama mimi. Nikamwinulia vidole viwili: leo kamera mbili. Msichana yule mwenye adabu, aliyeisoma sheria ya pili vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai, alisogea nusu hatua kwenye utepe wake akampisha.

Beto akaweka kamera begani. Citlali alikuwa amegeuka kumwelekea Kolby, kidevu juu, kidevu kile kile cha Mama anapokuwa na hofu na hataki ijulikane. Beto akafungua mdomo anong'one. Hakikutoka kitu. Nikamwona bega linatikisika, na kamera inatikisika nalo.

"Sema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Basi nikasogeza mdomo kwenye kile kinasa sauti chenye sponji iliyochakaa.

"Mama, ni mimi, Tencha," nikasema. "Tuko mbele kabisa, upande wa Bikira. Citlali amesimama amemshika Kolby mikono yote miwili. Gauni ni jeupe. Ana kidevu chako, Mama, amekiinua kama wewe. Sasa unamsikia mwenyewe, ngoja ninyamaze kidogo."

Nikanyamaza, Citlali akasema ahadi yake, sauti ikakatika kwenye neno la mwisho, akairudia.

"Hapo amelia kidogo," nikasema. "Sasa ni huyu kijana. Masikio yamekuwa mekundu kama nyanya. Ni mrefu, Mama, atatufaa kubadilisha taa. Delfina yuko nyuma yangu na kofia ambayo hata farasi asingeivaa. Padri Leandro ananikazia macho. Acha anikazie."

Zikaja zile sarafu kumi na tatu ambazo bwana harusi humkabidhi mkewe. Kolby alizimimina vizuri, ila zikamponyoka Citlali, zikamwagika zote, zikabingirika chini ya mabenchi mpaka kwenye viatu vya wazee.

"Mlio huo ni sarafu, Mama, usishtuke. Zimeanguka. Abundio yuko chini kwa magoti na suti ya kuazima anazitafuta. Eusebio amekanyaga moja na hajui. Zimepatikana kumi na mbili. Mbwa wa jirani ameingia kanisani. Kumi na tatu, ni Eusebio kainua kiatu. Sasa wanavishwa kamba, inawapita mabegani wote wawili, kama nambari nane iliyolala."

Nimesimamia harusi mia tatu katika kanisa lile. Nimehesabu flashi, nimepima urefu wa mashela, nimewakatalia watu kurusha mchele. Nilikuwa sijawahi kutazama harusi hata moja mpaka nilipolazimika kumwambia mtu asiyeona kilichokuwa mbele yangu. Nilisema mpaka koo likakauka, nikamsimulia Mama hadi rangi ya soksi za mpiga kinanda, na Beto alikuwa ananilengea kamera pale ninapotaja bila mimi kumwelekeza.

Ukumbini Citlali alinifuata na sahani ya keki mkononi. "Mama, wewe ndiye uliyekuwa unaongea wakati wa ahadi zangu?"

"Nilikuwa naongea na bibi yako."

Nikamweleza. Alilia mpaka wanja ukamfika mashavuni, na mashangazi wakaja mbio wakidhani Kolby ameshaanza kumliza.

Jumapili iliyofuata tulivuka daraja, mimi na Beto. Sikumwambia Mama kitu. Nilikuwa nimeamua kwamba akitaka kuificha siri yake, nitaificha pamoja naye. Alinipapasa uso mlangoni, nikakaa wima muda wote aliotaka. Kisha akaketi kwenye kiti chake mbele ya televisheni, akajifunika shali, na Beto akaingiza kaseti.

Tulianza na kunong'ona kwa Beto, nyuma ya Mtakatifu Yosefu. Mama akawa anaitikia kwa kichwa kila jina linapotajwa. Ikafuata kishindo, pazia likivutwa, picha ya viatu viwili vyeusi na pindo la gauni langu. Nikaisikia sauti yangu, kali, ikisema: "Zima."

Beto hakuwa ameizima. Tangu lini Beto akazima kamera.

Niliruka kuifikia mashine, lakini nilichelewa. "Mama haoni," Beto akasema mle ndani. "Haoni nini?" nikasema. "Haoni, Tencha. Macho." Nikanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha," Mama akasema.

Nikaacha. Tukayasikia yote, karatasi, nyumba, saa ya kwenda chooni. Beto alikuwa amegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Halafu sauti yangu ikatoka tena, nyingine kabisa, ya chini: Mama, ni mimi, Tencha. Mama akaegemea mbele. Alisikiliza Misa yote, akacheka kwenye sarafu, akasema Eusebio hajabadilika, na kwenye ahadi ya Citlali akamwambia Beto rudisha hapo, rudisha, mara tatu.

Kaseti ilipoisha aliweka mikono juu ya shali.

"Nilifikiri ukijua utanihamisha," akasema.

"Nilifikiri hivyo pia."

"Na sasa?"

"Sasa nitakuja na Beto. Kila akija."

Akaguna. Kwa Mama kuguna ni mkataba. Kisha akasema, "Umenitajia watu wote wa kanisani. Delfina na kofia yake, mbwa, soksi za mtu. Wewe ulivaa nini?"

"Zambarau, Mama. Mikono mirefu."

"Na nywele?"

"Niliacha kuzipaka rangi. Zimekuwa nyeupe, hapa mbele pote."

Akanyoosha mkono hewani, nikauchukua nikauweka penye mvi. Vidole vyake vikazipita taratibu, vikarudi, vikazipita tena.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Miaka miwili," akasema Mama, "na hukuniambia."